Tupeane uzoefu: Ni ajabu gani uliwahi kuigundua kuhusu msosi unaoupenda?

Mzee wa Supu
Wakuu, habari za jioni. Jana nimesimama kwa muuza pweza wangu, kikombe cha supu mkononi, ndimu nimeshakamua. Dogo mmoja pembeni akanitupia swali: "Bro, unajua huyo alikuwa na mioyo mitatu?" Nikamwona wa kubeti tu. Akashusha somo: miwili inasukuma damu kwenye matamvua, wa tatu unaisambaza mwilini, na damu yenyewe ni ya bluu kwa sababu inabeba hewa kwa shaba, sio kwa chuma kama yetu. Muuzaji akasimamisha kisu. "Mimi mwaka wa kumi nakata pweza, naona wino tu."

Nimefika geto nikapekua. Ni kweli tupu.

Sasa leteni za kwenu, msosi na ajabu yake. Sitaki zile za "ukila hiki unapona magonjwa arobaini".

Mjukuu wa Bukoba
Mimi ni senene, wala sihitaji kufikiria. Ikifika Novemba kule kwetu, watoto kazi yetu ilikuwa moja: kunyonyoa. Unamshika senene kwa vidole viwili, unang'oa mabawa, unang'oa miguu, unamtupia kwenye ungo, unachukua mwingine. Mpaka usiku vidole vimekuwa vya kijani na vinateleza. Bibi anawaweka kwenye sufuria bila mafuta, maana wanayo ya kwao ya kutosha, na ile harufu ikianza hakuna anayekwenda kulala.

Nimeshakuwa mtu mzima na familia yangu ndipo nikasoma kwamba senene masikio yake yapo kwenye miguu ya mbele, chini kidogo tu ya goti. Jamani! Utoto wangu wote nimekuwa natupa masikio kwa ndoo. Nikampigia mama simu usiku huohuo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwaka huu tuwaache nayo?"

Bibo Bivu
Nimekulia Newala. Nikiwa darasa la tatu niliona uvivu kusubiri korosho zichomwe, nikabana mbichi kwa meno. Yale mafuta ya ganda yaliniunguza midomo ikavimba, ngozi ikachubuka, nikala uji kwa pembe ya mdomo siku nne. Mama hakunionea huruma hata chembe.

Baadaye nikaja kujua kwamba mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja. Ndiyo maana utomvu wa embe nao humchubua mtu mdomo. Ila iliyonimaliza ni hii: bibo si tunda! Kwa wataalamu wa mimea, tunda ni ile korosho inayoning'inia chini. Bibo ni kikonyo kilichovimba.

Kaka Mkubwa
Kikonyo gani kinatoa juisi namna ile? Tusidanganyane.

Bibo Bivu
Mkuu, kule kwetu watu wanakunywa uraka wa hicho kikonyo na wanarudi nyumbani wanaimba. Ni kikonyo.

Dada wa Muscat
Asalaam aleikum. Mimi bila juisi ya ukwaju sijafuturu. Waarabu huku wanauita tamr hindi, yaani tende ya India, na hata jina la kisayansi limebandikwa "indica". Nikaamini miaka yote kuwa sisi tuliletewa na majahazi. Kumbe mkwaju asili yake ni Afrika, India ndiko ulikopelekwa! Halafu angalieni na hili: mahindi, ambayo jina lake linanukia Uhindini, yalianzia Mexico. Kwa hiyo chetu wamepewa Wahindi, na cha watu wa Mexico nacho wamepewa haohao. Nimemweleza jirani yangu wa Kerala, amecheka mpaka akakaa chini.

Mtu wa Kilifi
Hamjambo nyote. Nyanya yangu alipanda pilipili kuzunguka mchicha ili kuku waogope. Kuku walizila pilipili zote, kisha wakaingia kwa mchicha bila wasiwasi. Nyanya akasema kuku wale wamerogwa. Juzi ndio nimejua ndege hawausikii ule ukali hata kidogo. Wanameza, wanaenda kuangusha mbegu mbali, na mmea unapata faida. Ukali ni wetu sisi wenye meno ya kutafuna. Nyanya ameshatangulia mbele ya haki, sina wa kumwambia. Nimewaambia nyinyi.

Mzee wa Supu
Pole sana ndugu yetu wa Kilifi, na asante, hiyo nimeipenda kuliko zote.

Wakuu, nimepita tena leo kwa muuza pweza. Ameandika kwa makaa kwenye boksi na kulitundika mbele ya meza: PWEZA MIOYO 3, SUPU 1000. Jana ilikuwa 500. Yule dogo namtafuta.