Naomba ushauri: nihamie Flutter au nibaki na Kotlin?

Kijana wa Mabibo: Wakuu, habari za kazi. Nimemaliza diploma ya kompyuta, nipo Dar, naandika programu za Android kwa lugha ya Kotlin. Matangazo mengi ya kazi ninayokutana nayo yanataka Flutter, zana ya Google ya kutengeneza programu za simu kwa lugha ya Dart. Je, ina ajira ya kweli au ni upepo wa kupita? Naogopa kuanza Dart upya halafu Google waitelekeze. Nyumbani wananitegemea.

Fundi Simu: Mdogo wangu, hofu yako ina msingi. Mwaka 2024 Google walipunguza watu hadi kwenye timu ya Flutter. Lakini ni programu huria, na tangu toleo la 1.0 la Desemba 2018 imeota mizizi. BMW na benki ya Nubank ya Brazil wanaitumia. Anza tu. Aliyezoea Kotlin hasumbuliwi na Dart.

Dada wa Seva: Nasimamia timu ndogo hapa Nairobi. Kampuni changa zinapenda Flutter kwa kuwa mtu mmoja anazitolea programu ya Android na ya iPhone. Nafasi zipo, ila waombaji nao ni wengi mno. Kwenye usaili nataka nione ulichokwisha kuweka Play Store, hasa upande wa malipo. Safaricom wana Daraja, yaani API (njia ya programu yako kuzungumza na mfumo wao) ya M-Pesa, huko kwenu Vodacom wana ya kwao, na mazingira ya majaribio yapo. Tengeneza duka dogo, mteja aletewe ombi la kuweka PIN. Halafu nieleze: mtandao ukikatika akishaweka PIN, inakuwaje? Jibu la M-Pesa linakwenda kwenye seva yako, si kwenye simu yake. Programu itajuaje kuwa amelipa, na utazuiaje asikatwe mara mbili? Hapo ndipo wengi wanapokwama. Ukinijibu vizuri, Flutter au Kotlin kwangu ni sawa.

Babu Kodi: Kotlin usiitupe kabisa. Hata skrini zikiwa za Flutter, ukifika kwenye kifaa ambacho hakina maktaba (msimbo ulioandikwa na wengine) tayari, kama mashine ya risiti, kipande hicho utakiandika kwa Kotlin. Anayejua zote mbili hakai benchi muda mrefu.

Kijana wa Mabibo: Asanteni sana. Ila laptop yangu ina RAM ya GB 4, Android Studio ninayoandikia programu inaganda.

Fundi Simu: Achana na emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Andikia kwenye VS Code, ni nyepesi zaidi, chomeka simu yako kwa waya wa USB, ujaribie humo.