Tupeane uzoefu: Mtoto wako aliugua TB? Mliijuaje, na dawa alizimezaje?

Mama Rehema, Masasi

Ndugu zangu wa Kusini, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vya watoto wetu waliougua kifua kikuu, hasa wadogo wa chini ya miaka 5. Dalili tulizokaririshwa, kukohoa damu na makohozi mazito, ni za watu wazima. Mtoto mdogo ni nadra kukohoa damu, na makohozi anayameza. Mzazi anakaa anasubiri dalili ambayo haiji, huku mtoto anakwisha.

Naanza na wa kwangu. Binti alikuwa na mwaka mmoja na miezi. Kikohozi kilimshika wakati wa kupulizia mikorosho, na huku kwetu mtoto akikohoa msimu huo kila mtu anakwambia ni vumbi la salfa. Upuliziaji ukaisha, kikohozi kipo. Akamaliza dawa za kikohozi na antibayotiki, kipo. Majirani wakaja na lao: huyo ana kimeo, mpelekeni akakatwe. Mama mkwe wangu alikataa katakata, Mungu amzidishie umri. Alishawahi kuona mtoto wa watu akivuja damu kwa hicho kimeo.

Kilichosema ukweli ni kadi ya kliniki. Nesi alichora doti ya uzito wa siku ile, akaiunganisha na za nyuma, akanionyesha kwa kidole: mstari ulipanda vizuri, ukalala, halafu ukaanza kuinama. Akaifunga kadi, akaniuliza, "Mama, hapo nyumbani nani mwingine anakohoa?"

Alikuwepo. Mjomba wa mtoto, karudi kutoka machimboni, na binti alikuwa kipenzi chake, analala naye mchana kutwa mkekani. Alipimwa makohozi, akakutwa na TB. Binti akapigwa picha ya kifua, na kwa kuwa hawezi kutoa makohozi, wakachukua choo chake kikapimwa kwenye GeneXpert, mashine ileile inayopima TB kwenye makohozi. Nilishangaa, sikujua kwamba choo kinapima kifua. Kumbe ni yale makohozi aliyoyameza.

Dawa tulipewa bure. Vidonge vya watoto siku hizi vinayeyuka kwenye maji na vina ladha ya matunda, hupondi wala hukati. Unahesabu kwa uzito: alianza na kidonge 1 kwa siku, alipofika kilo 8 wakampandishia 2. Ndiyo maana lazima apimwe uzito kila mkienda kuchukua dawa. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa msiogope, ni dawa. Alimaliza miezi 6, na mjomba wake akamaliza yake.

Baba Shazili, Newala

Wa kwangu hakukohoa hata kidogo. Ana miaka 6, akaanza kulalamika mgongo. Tukasema labda kaanguka mkoroshoni, watoto hawasemi. Akachuliwa na bibi kwa mafuta ya nazi. Mimi kilichonishtua ni hiki: kitu kikianguka chini, hainami. Anachuchumaa taratibu, mkono mmoja kaushika goti, anakiokota mgongo umenyooka, anajikokota kuinuka. Halafu usiku anatoa jasho hadi shuka linaloa, na katikati ya mgongo pakatokea kinundu.

Picha ikaonyesha pingili zimeliwa. TB ya uti wa mgongo. Dozi yake ni ndefu, kwetu ilikuwa mwaka. Anatembea, anacheza mpira. Kinundu kimebaki. Wazazi, mtoto mdogo haumwi mgongo bila sababu, msikandekande tu.

Binti Mikindani

Poleni sana. Naomba kuuliza, wa kwangu alichomwa BCG, ile chanjo ya TB, alipozaliwa na kovu analo begani. Bado anaweza kuipata? Babu yake kaanza dawa juzi na tunakaa nyumba moja.

Nesi wa Nachingwea

Dada wa Mikindani, anaweza. BCG inamlinda zaidi na zile TB kali za utotoni, ya utando wa ubongo na ile ya kusambaa mwili mzima. Ya mapafu haiizuii kikamilifu. Wewe usisubiri akohoe. Mpeleke kesho na useme wazi kuwa babu yake yuko kwenye dawa. Wakimkuta hana ugonjwa, atapewa dawa ya kinga. Hapa ndipo ninapopata shida na akina mama: "Mtoto wangu haumwi, ameze dawa za nini?" Ameze kwa sababu kwa mtoto mdogo, hasa chini ya miaka 2, vijidudu vikishaingia havichelewi kuwa ugonjwa.

Na ninyi wengine: matezi ya shingo yasiyouma na yasiyoisha, homa za kuja na kuondoka, mtoto kuacha kucheza, utapiamlo usiopona hata akilishwa. Hizo zote leteni. Mkishauriwa kupima VVU msikatae, matibabu hupangwa kwa kujua hilo. Mtoto akianza kutapika, kusinzia hovyo, shingo kukakamaa au degedege, hiyo si ya kungoja kupambazuke.

Muda wa dozi nao msilinganishe mtoto na mtoto. Shirika la Afya Duniani tangu 2022 limependekeza miezi 4 kwa watoto ambao TB yao si kali, wengine ni 6, wengine zaidi. Anayeamua ni daktari aliyemwona.

Mama Twins, Kilwa

Mimi kilichoniumiza ni watu. Mtoto wangu alitengewa sahani na kikombe, wenzake wakakatazwa kucheza naye. Nesi alikuja nyumbani akawaambia shemeji zangu kuwa sahani haiambukizi TB, inaambukiza hewa ya anayekohoa, na watoto wadogo kwa kawaida hawaambukizi wenzao. Mtu mzima aliyempa ndiye wa kumtafuta. Wakanyamaza.

Jingine, tulihamia shamba msimu wa korosho katikati ya dozi. Nilienda kliniki mapema nikaandikiwa uhamisho, dawa nikawa nachukua zahanati ya kule. Msiondoke kimyakimya.

Binti Mikindani

Asante nesi, kesho asubuhi nipo huko na mtoto na babu yake. Akitapika dawa je?

Nesi wa Nachingwea

Akitapika ndani ya nusu saa, mpe tena dozi ile. Akitapika kila siku, mrudishe wamwone. Macho yakiwa ya njano, acha dawa na umlete siku hiyohiyo.