Nyumba ya mawe Mikindani, tukarabati vipi?

Wakuu, marehemu babu katuachia nyumba ya matumbawe na chokaa hapa Mikindani, Mtwara, ukuta unamomonyoka kwa chini, fundi anataka apige plasta ya simenti alafu tuongeze vyumba viwili vya tofali nyuma, naogopa tutaiharibu, mnashaurije?

> Mkuu simenti usithubutu! Inafungia unyevu ndani, chumvi inabandua plasta na jiwe linaanza kuliwa. Piga chokaa na mchanga ukuta upumue. Kaangalie Boma la Mjerumani hapohapo, la 1895, lilikarabatiwa likafanywa hoteli.

> Vyumba vipya vijitegemee, msingi usiguse ukuta wa zamani, na visiizidi nyumba kwa kimo. Boriti za mikoko msitupe ovyo, nyingi bado nzima. Ila kwanza waone Idara ya Mambo ya Kale, wale wa serikali wanaoshughulikia majengo ya kihistoria, aisee.