Sodiamu kaboneti na HCl: mbona POP inanipa nusu ya MO?

kidato4_sayansi:
Wakuu, naombeni msaada. Mmumunyo una 5.3 g za Na₂CO₃ kavu katika lita moja. Nimechota 25 cm³ kwa pipeti, nikatia matone mawili ya POP (fenolfthalini, kiashiria), nikashusha HCl kutoka kwenye bureti. Rangi ya waridi imepotea kwenye 12.50, 12.40 na 12.50 cm³. Nikipiga hesabu asidi inakuja 0.2 M (moli kwa lita), na chupa imeandikwa 0.1 M. Waliotumia MO (methyl orange, kiashiria kingine) wamepata 25. Nani kakosea?

bureti_50:
Bureti umesoma vizuri, mlinganyo ndio sio. POP hupoteza rangi pH ikishuka hadi 8.2 hivi, na hapo kaboneti imekula nusu tu ya asidi inayoitaka:

Na₂CO₃ + HCl → NaHCO₃ + NaCl

Bikaboneti bado imo kwenye flaski, nayo ni besi, ingawa dhaifu. MO hubadilika kati ya 3.1 na 4.4, kwa hiyo inasubiri mpaka hiyo nayo iishe:

NaHCO₃ + HCl → NaCl + H₂O + CO₂

Sasa hesabu. 5.3 ÷ 106 (gramu za moli moja ya Na₂CO₃) = 0.05 M, kwa hiyo 25 cm³ zina moli 0.00125. Kwa POP uwiano ni 1:1, na 0.00125 ÷ 0.0125 ni 0.1 M. Wewe umetumia 1:2 ya wenye MO. Swali likitaja MO, usiweke POP eti kwa vile rangi yake inaonekana vizuri.

maabara_tu:
Naongezea. Usimwage. Kwenye flaski hiyohiyo tia matone mawili ya MO uendelee kushusha asidi. Njano itageuka chungwa baada ya 12.5 nyingine. Ikiwa nyekundu, umepitiliza.

Wengi huharibu hatua ya POP kwa kufungulia bureti kwa kasi bila kutikisa. Asidi inarundikana sehemu moja, CO₂ inatoka kabla ya wakati wake, na waridi inachelewa kupotea. Unasoma mfano 13.6, kisha 11.4. Jumla ni ileile 25, ila mgao huo utakudanganya kwamba kuna NaOH ndani. Na flaski isuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa tu. Ukiisuuza kwa kaboneti umeongeza moli usizozipima.

kidato4_sayansi:
Nimeelewa, ahsanteni. Na₂CO₃ ya shule ikiisha, magadi ya sokoni yanafaa?

bureti_50:
Kwa kujizoeza, ndiyo. Kwa kutafuta molari ya asidi, hapana. Magadi ni kaboneti na bikaboneti pamoja, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, tena yana chumvi na udongo. Yangekuwa safi, 5.3 g kwa lita zingekupa karibu 5.9 kwa POP, halafu 11.7 zaidi kwa MO. Hatua ya pili ni mara mbili ya kwanza kwa sababu bikaboneti iliyokuwemo tangu mwanzo inajumlika na iliyotokana na kaboneti.

Saga, yeyusha, chuja vizuri. Mmumunyo ukibaki na rangi ya kahawia hutaiona chungwa ya MO.

maabara_tu:
Ukiyakaanga kwanza kwenye sufuria kavu, moto wa kutosha, bikaboneti hugeuka kaboneti na zile hatua mbili zinakaribia kulingana. Yaache yapoe kabla ya kupima uzito.