Mkono wa roboti: servo zinatetemeka, Arduino inajiwasha upya

Nyundo7
Wakuu, habari. Mkono una servo (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru) sita: MG996R nne (kitako, bega, kiwiko, kifundo) na SG90 mbili (kuzungusha kiganja na kubana). Umeme unatoka adapta ya volti 12, ampea 2, unashushwa na LM2596 (moduli ya kushusha volti) hadi volti 5, kisha bredibodi (ubao wa kuchomekea nyaya bila kulehemu). Arduino Uno, bodi ndogo inayotoa amri kwa servo, nayo inakula humo humo. Servo mojamoja zinakwenda vizuri. Zikiondoka tatu kwa pamoja, zote zinatetemeka na Arduino inaanza upya. Bega linanguruma na kupata moto hata likiwa limesimama. Ni programu au umeme?

Lehemu
Umeme, mkuu. MG996R ikikwama kwenye volti 6 hunywa hadi ampea 2.5, SG90 kama 0.7. Jumla ampea 11.4. Hazikwami zote kwa mara moja, lakini kila servo inapoanza kuondoka hunyonya karibu kiasi hicho kwa muda mfupi sana. Tatu zikiondoka pamoja ni kama ampea 7. LM2596 mwisho wake ni 3, na bila kipoza joto usiitegemee kupita 2. Volti zinaporomoka, Arduino inazimika.

Tafuta pawa saplai ya volti 5, ampea 10, ile ya boksi la bati lenye matundu inayotumika kwenye taa za LED. Nyingi zina skrubu ndogo ya kupandisha volti, weka 5.5. Usivuke 6, SG90 hazitavumilia. Na funika zile skrubu za umeme wa ukutani kabla hujachomeka.

WayaMwekundu
Naongezea: hata ukinunua ya ampea 20, ukiipitisha kwenye bredibodi hujafanya kitu. Vile vibanio vya ndani si vya mkondo zaidi ya ampea moja hivi. Nyaya nyembamba za kuchomeka nazo zinakula volti: sentimita 20 kwenda na 20 kurudi, kwa ampea 5, unapoteza karibu nusu volti.

Tumia waya wa milimita za mraba 0.75 au zaidi, na kila servo ipate chanya na hasi yake kutoka sehemu moja ya kugawia. Lehemu kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme wa muda mfupi) ya mikrofaradi 1000, volti 16, karibu kabisa na servo. Angalia upande wa hasi usigeuze. Arduino ilishe kwa USB peke yake, ila hasi yake lazima iungane na hasi ya servo. Bila hiyo mawimbi ya amri hayana pa kupimiwa, na servo zitatetemeka hata umeme ukiwa mzuri.

Pima kwa multimita kwenye plagi ya servo, si kwenye pawa saplai, mkono ukiwa unatembea. Ukiona 4.6, jua kuna sehemu ya sekunde volti zilishuka chini zaidi, ambayo mita haikuiwahi.

Kiwiko
Bega ni jambo jingine. Zidisha uzito kwa umbali wake kutoka ekseli ya bega: servo ya kiwiko gramu 55 kwa sentimita 12, ya kifundo 55 kwa 20, kiganja 70 kwa 24, vyuma 80 kwa wastani wa 12: hiyo ni kilo-sentimita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 4.4, na hujabeba kitu. Ongeza mzigo wa gramu 100 kwa sentimita 28, inakuwa 7.2. MG996R inatangazwa 9.4 kwenye volti 4.8, lakini hapo ndipo inapokwama. Kwa kazi ya kudumu hesabu nusu yake. Weka springi ya kuvuta bega juu, au uzito nyuma ya ekseli, au servo mbili begani.

Kabla ya hapo, ng'oa ule mkono wa plastiki kwenye ekseli. Ngurumo ikiisha, ni uzito. Ikibaki, unaisukuma kwenye kizuizi cha ndani: kwenye programu ya Arduino, amri za pembe write(0) hadi write(180) ni mawimbi ya mikrosekunde 544 hadi 2400, na servo nyingi hazifiki huko. Anza na writeMicroseconds 1000 hadi 2000, panua kwa 50, ikinguruma rudi nyuma.

Nyundo7
Asante sana. Na betri mbili za lithiamu za 18650 mfululizo, badala ya pawa saplai?

Lehemu
Zikijaa zinatoa 8.4, SG90 zitaungua. Pitishia XL4016, moduli ya kushusha volti yenye uwezo kuliko LM2596, iwe na kipoza joto, uweke 5.5, na ununue seli za kutoa ampea 10 au zaidi. Zilizotolewa kwenye betri chakavu za laptop hazifai kwa kazi hii.