Redio ya mtandaoni saa 24 bila laptopu kukesha, mnafanyaje?

mwana_pangani
Wakuu heshima mbele. Tuna kiredio chetu cha mtandaoni hapa Tanga, kaswida, taarab, mawaidha na habari asubuhi. Kinarushwa toka kwenye laptopu yangu, inakesha feni inalia kama mashine ya kusaga, umeme ukikatika tu redio imekufa, juzi shangazi yuko Muscat kanipigia alfajiri eti "redio yako imelala na wewe". Hela ya programu za kulipia hatuna. Kuna ya bure ya kusetap mwenyewe? Baadae tunataka na TV.

fundi_strimu
Mkuu shida sio programu, shida laptopu ndo imekuwa redio yenyewe. Kodi seva ndogo (kompyuta ya mtandaoni inayowaka muda wote), weka AzuraCast, ni programu huria, ndani yake kuna Liquidsoap inayopanga na kupiga nyimbo na Icecast inayowagawia wasikilizaji. Nyimbo zote unapandisha huko, nyumbani inabaki maiki na BUTT, kiprogramu cha kurushia laivu. Umeme ukikata shehe yuko katikati ya mawaidha, Liquidsoap ikiona laivu imepotea inarudi yenyewe kwenye playlisti, watu wanasikia kaswida sio kimya. Bando nayo pigia hesabu, kilobiti 64 kwa sekunde kwa watu 100 ni megabiti 6.4, na kila mmoja anakula kama MB 29 kwa saa. Sauti ya mtu anaongea usiirushe kwa 128, unawamalizia watu bando bure.

binti_makorora
Nakazia, ila taimuzoni jamani!! Mi nilisahau stesheni ikabaki na saa za UTC (ziko nyuma ya zetu kwa masaa matatu), habari za saa moja asubuhi zikawa zinapigwa saa nne, wiki nzima naitukana programu. Chagua Africa/Dar_es_Salaam kabla hujagusa ratiba. Na saa moja asubuhi andika 07:00, ukiandika 01:00 itapiga saa saba usiku (kuna mtu yalimkuta, simtaji).

mzee_wa_antena
TV angalia ffplayout, inatumia FFmpeg (programu ya kuchakata video), unaipa playlisti ya siku nzima na vipande vya kujazia pakibaki pengo. Ila video ni mzigo, megabiti 2 kwa watu 50 tayari 100, bora iisukume YouTube wao ndo wabebe hao watazamaji. Na leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya maudhui mtandaoni ulizia mapema, kanuni zipo toka 2018, zikaja nyingine 2020.

mwana_pangani
Asanteni sana wakuu. Nimejaribu AzuraCast, playlisti inapiga safi ila BUTT inagoma kuunganisha, nimeweka mlango (port) 8000.

fundi_strimu
8000 ni wa wasikilizaji. DJ kwa stesheni ya kwanza anaingilia 8005, na jina na neno la siri ni la akaunti ya DJ uliyoitengeneza kwenye stesheni, sio lako la kuingilia AzuraCast.

mwana_pangani
Imekubali!! Shangazi anasikia.