Kikombe nilichonywea amekiosha mara saba mbele ya watu, eti kwa sababu ya jezi!

Mwana_Langoni67
Sijalala na sina nia ya kulala. Nimetoka kibanda cha mpira sasa hivi, mikono yatetemeka, simu nimeishika kwa mikono miwili kama mtoto anayepewa bilauri. Sitamtaja. Kwani kuna asiyemjua? Ni yule wa kiti cha mbele chenye mto. Yule ambaye mechi haianzi mpaka akohoe. Aliyejipa uenyekiti wa mashabiki bila hata paka kumpigia kura. Akishangilia goli hapa Lamu, ng'ambo Mokowe watu waamka kula daku.

Basi leo ameosha kikombe nilichonywea kahawa. Mara saba. Kwa mchanga.

Hebu nianze mwanzo. Nilivaa jezi yangu ya Celtic, timu ya Uskoti, ile ya mikanda ya kijani na nyeupe, mgongoni WANYAMA 67. Niliipata mtumba Kongowea nilipokuwa na kazi Mombasa, nikambembeleza muuzaji mpaka akachoka, akaniachia kwa shilingi 350. Kila mwenye akili ajua kwa nini Mkenya huvaa jezi ile. Novemba 7, 2012, Barcelona walipigwa 2-1 kule Glasgow, na goli la kwanza alilitia Victor Wanyama kwa kichwa. Barcelona ya Messi! Siku ile nilikimbia kutoka mtaani kwetu Langoni mpaka Ngomeni bila viatu. Ndiyo sababu ya jezi. Hakuna nyingine.

Wala Celtic hawakuwa wakicheza leo. Ilikuwa Arsenal.

Haftaimu dele likapita. Muuza kahawa akanimiminia, nikanywa, nikarudisha kikombe. Ni kile kidogo cha kaure chenye ua la buluu lililofutika nusu, mdomoni kimemeguka. Kabla hakijafika kwenye ndoo, yule bwana akakidaka. "Ngoja kwanza. Huyu kavaa jezi ya padri." Akainama. Akachota mchanga kwa vidole viwili, akausugua mle ndani taratibu, kama mtu anayeng'arisha pete. Kisha akateka maji. "Moja." Akayamwaga miguuni pangu. "Mbili." Akamwaga. Watu wakaanza kucheka. Kufika nne wakawa wanahesabu pamoja naye. Watu ninaoswali nao safu moja! "Tano! Sita! Saba!"

Nyote mmekaa chuo cha Kurani. Mwajua chombo gani huoshwa mara saba na mchanga ukiwamo, na mwajua ni mnyama gani abwekaye aliyekilamba. Siandiki.

Kama hiyo haikutosha, akanyoosha kidole kwenye benchi la nyuma, walipokuwa wameketi mwalimu mmoja wa kutoka bara na vijana wawili wanaofanya kazi bandarini. Akasema, "Nenda kakae na wajomba zako." Mwalimu akainamia simu yake. Simu yenyewe ilikuwa imezimika, kioo cheusi ti, naye akaitazama tu hivyo hivyo.

Wajomba zangu! Mama yangu ni mzaliwa wa Mpeketoni, kwa watu wa bara, hilo si siri. Alisilimu kabla sijazaliwa, na hakuna mwezi wa Ramadhani mahamri yake yasifike nyumba kumi za mtaa huu. Huyo bwana ameyala. Ameyala, akaomba na mengine ya kubeba! Siku hiyo hakuosha mdomo mara saba.

Na ndugu yake mama, mjomba wangu wa damu, usiku wa Juni 15, 2014 alikuwa Mpeketoni, ameketi kwenye kibanda kama hiki hiki chetu, anatazama Kombe la Dunia. Wale waliokuja na bunduki waliuliza watu dini zao. Usiku ule na uliofuata walikufa zaidi ya watu 60. Mjomba alilala kifudifudi kwenye mahindi mpaka alfajiri. Na baada ya hapo si tuliumia sote? Kafyu miezi, wavuvi wakakatazwa kuvua usiku, wageni wakakimbia, watu wakauza dhahabu za wake zao. Leo mtu aliyeyaona hayo yote kwa macho yake ndiye anayekuja kwenye mpira kutugawa tena, huyu akae mbele na huyu akae nyuma?

Moja, mbili, tatu. Bado namsikia. Nikifumba macho naona ule mchanga.

Halafu yeye alivaa nini? Jezi ya buluu ya Rangers! Aende akaulize Rangers ni nani!

KikoiMbili
Pole sana ndugu yangu. Mimi huyo alishaniambia nisishangilie kwa sauti kwa vile nimeoa mtaa wa Mkomani. Mke wangu na Saka wapi na wapi?

PundaHanaBreki
Yakhe pole, lakini tuseme kweli, hiyo jezi tangu mwezi mtukufu haijaona sabuni. Labda alikihurumia kikombe.

BintiWaShela
Wewe ni mmoja wa waliohesabu. Nimekujua kwa kicheko.

PundaHanaBreki
Nilihesabu mpaka tano tu.

Mwana_Langoni67
Mpaka tano! Alipouchota mchanga hukuona? Alipomwaga maji ya kwanza miguuni pangu hukuona? Umekula kwetu Idi mbili mfululizo, na leo wanihesabia mpaka tano! Ungenyamaza tu ningekushukuru.

MzeeWaRedio
Vijana, tulieni niwape habari ya jezi hizo mbili, maana mwazivaa tu kama kanga bila kusoma jina.

Celtic iliundwa 1887 kwenye ukumbi wa kanisa, mashariki ya Glasgow, na mtawa wa Kikatoliki aliyetoka Ayalandi, Brother Walfrid. Alitaka mpira ulete pesa za kulisha watoto wa maskini, wengi wao wa wahamiaji wa Kiayalandi. Kwa hivyo kanisa limo, silikatai. Rangers ni ya 1872, vijana waliokuwa wakipiga makasia, dini haikuwamo. Na mechi ya kwanza kabisa ya Celtic, Mei 1888, walicheza na Rangers hao hao, mechi ya kirafiki, Celtic wakashinda 5-2. Kirafiki! Uadui wa Wakatoliki na Waprotestanti ulikuja kukomaa baadaye, kwenye kazi, kwenye viwanda vya meli, kwenye mitaa, kila upande na shule zake na nyimbo zake za matusi. Ikafika Rangers miaka na miaka hawamsajili Mkatoliki anayejulikana. 1989 walipomchukua Mo Johnston, kuna mashabiki wao waliochoma skafu zao wenyewe kwa hasira.

Upande wa pili, Celtic walipochukua Kombe la Ulaya 1967 kule Lisbon, kocha wao Jock Stein alikuwa Mprotestanti. Hiyo 67 ya Wanyama ni ya mwaka ule.

Sasa huyo bwana wa buluu naye kavaa kanisa, ila kanisa jengine. Kama ni kuosha vikombe, angeanza na cha kwake.

KikoiMbili
Allahu Akbar! Kumbe tulikuwa na makanisa mawili mle ndani na projekta moja.

Mkomani_Juu
Na Kolo Touré alichezea Celtic, 2016 mpaka 2017. Muislamu yule, ajulikana. Naye wangemwoshea kikombe?

BintiWaShela
Mimi sijali nani alichezea wapi. Hata kama jezi ingekuwa na msalaba mkubwa kama mlango, na hata kama aliyeivaa angekuwa huyo mwalimu wa benchi la nyuma, mtu hamwoshei mwenzake kikombe hivyo. Mwalimu yule afundisha watoto wetu. Kesho ataingia darasani na uso gani? Mbona hakuna aliyemtaja ila mwenye uzi?

Nahodha_Asiyelala
Huko kwao Uskoti walitunga sheria ya chuki za viwanjani, ikaanza 2012. 2018 bunge likaifuta. Wakavutana miaka sita na wimbo wa matusi upo pale pale. Haya mambo sheria pekee haiyawezi. Sisi hapa dawa tunayo: wazee wamwite barazani, aombe radhi mbele ya wale wale waliohesabu.

Mwana_Langoni67
Ndilo nitakalo. Na mama yangu awepo. Na aseme kwa kinywa chake alihesabu mpaka ngapi.

PundaHanaBreki
Barazani tena? Yule akishika baraza mtakaa mpaka alfajiri, atawaeleza alivyocheza winga 1994.

IngweDamu
Samahani niingilie kati. Mwaongea kama ubaguzi wa mpira umeletwa na boti kutoka Glasgow. Hapa kwetu? AFC Leopards, Ingwe yetu, ilikuwa Abaluhya mpaka serikali ilipokataza majina ya kikabila, 1980 ikabidi jina libadilishwe. Mpaka leo nikivaa jezi ya Ingwe hapa Lamu naulizwa, "Wewe Mluhya?" Mimi Mbajuni wa Faza, nampenda Ingwe tu! Halafu Wanyama ni wetu. Babake, Noah, alichezea Leopards. Hiyo Celtic alipita tu.

KogaloPwani
Lete kombe la Afrika kwanza ndipo uongee. Gor Mahia 1987, tulimtoa Esperance ya Tunis.

IngweDamu
1987! Waliokuwapo siku ile sasa wana wajukuu. Nyinyi mkikosa chai asubuhi mwanywa 1987.

KogaloPwani
Na tunashiba.

Mwana_Langoni67
Jamani tulikuwa kwenye kikombe.

MtuWaMokowe
Kikombe tumesikia, pole. Lakini na mimi nina langu, na hili nalo litazamwe. Navuka na boti kutoka Mokowe kuja kutazama mpira. Kiingilio kilikuwa 30, sasa ni 50. Dakika ya 80 stima yakatika. Nani kanirudishia pesa? Hakuna. Nauli nimelipa, kurudi usiku boti zangoja zijae, nimefika kwangu saa nane, matokeo nimeambiwa na mlinzi wa gati.

Mkomani_Juu
Jenereta wanayo. Wallahi wanayo! Mimi kwa mato yangu naliiona imefunikwa gunia, nyuma ya choo. Waikalia kama yai.

KikoiMbili
Ilinunuliwa kwa michango yetu. Mimi nilitoa 200.

PundaHanaBreki
Nilitoa 500.

KikoiMbili
Wewe hujatoa hata 50. Uliandikwa kwenye daftari "atatoa".

MzeeWaRedio
Nani alishika daftari?

Mkomani_Juu
Yule yule. Wa kiti chenye mto.

MtuWaMokowe
Basi ndipo pa kumshikia! Alete daftari na jenereta, vyote viwili.

Nahodha_Asiyelala
Sawa, Ijumaa baada ya swala tumwite. Hesabu ya jenereta kwanza, halafu mengine.

Mwana_Langoni67
Mengine? Nahodha, mengine ndiyo yepi? Mtu amesugua mchanga kwenye kikombe nilichotia mdomo, akahesabu mpaka saba, na hilo ndilo "mengine"?

Nahodha_Asiyelala
Litakuwemo, ndugu yangu. Usikasirike. Nimeliandika.

DeleMoto
Assalam aleikum. Mimi ndiye mwenye dele. Nilikuwa sitaki kuandika. Vikombe ni vyangu, na hakuniuliza. Ningesema neno pale pale, lakini nilikuwa na dele la moto mkononi na watoto miguuni. Kikombe kile sikukirudisha kwenye ndoo. Nimekuja nacho nyumbani, nimekinywea mimi, hakijaoshwa. Mwana_Langoni, ukipita Mkunguni kesho ni hicho hicho nitakumiminia, na kahawa yako hailipwi. Mwambie na mwalimu aje.

Mwana_Langoni67
Nimesoma mara tatu. Nitakuja.

BintiWaShela
Mungu akulipe, Dele.

DeleMoto
Amin. Ila wale wengine, jana watu wanne wameondoka haftaimu bila kulipa. Shilingi kumi kumi. Punda, wewe ulikunywa viwili.

PundaHanaBreki
Kimoja! Cha pili kilikuwa cha MtuWaMokowe.

MtuWaMokowe
Mimi wakati huo nilikuwa nje natafuta mtandao. Msinitie.

IngweDamu
Ijumaa hiyo hiyo si kuna mechi jioni? Stima itakuwepo?

Mkomani_Juu
Niulize mimi? Muulize aliyeikalia jenereta.

KogaloPwani
Dele, kesho uje na kashata. Zile za nazi, si zile za juzi.